Daftari la Wiki: Mashine Haifi kwa Kazi

Kinachoua

Ukitaka kujua mashine ya boti imekufa kwa nini, usiulize imefanya kazi miaka mingapi. Uliza imekaa miaka mingapi. Wiki hii nimekuwa nikiifungua British Seagull ya zamani, aina ya Forty Plus, katika ua wa nyumba yangu hapa Tanga, na kila ninachokifungua kinanionyesha jambo hilohilo. Meno ya gia yapo mazima. Ukuta wa silinda ni laini. Vilivyoharibika ni vile vilivyoachwa vikae: chumvi iliyobaki kwenye njia ya maji, petroli iliyokauka ikawa utomvu ndani ya kabureta, ringi zilizogandamana na pistoni, waya wa plagi ambao mpira wake umepasukapasuka.

Mashine hii ilikuwa ya marehemu mume wa jirani yangu. Baada ya msiba iliingizwa stoo na kufunikwa gunia. Jirani huyo, ninayemwita shangazi, aliponikabidhi alisema, "Mwanangu, tangu aondoke hatukuigusa hata mara moja." Alisema hivyo kama mtu aliyetunza amana, na nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Lakini katika nyumba nyingi za pwani yetu mashine zinakufa kwa heshima ya namna hiyo. Injini ya chuma na aluminiamu iliyokwisha kuonja maji ya bahari haitunzwi kwa kuachwa peke yake. Inatunzwa kwa kuguswa.

Uchache wa vitu

Forty Plus ina silinda moja tu, cc 64, haifiki hata nusu ya injini ya bodaboda ya cc 150. Hii yangu haina gia ya kupumzikia: ikiwaka, rafadha inazunguka papo hapo na chombo kinaondoka. Haina mfuniko wa plastiki, haina betri, haina swichi ya kuwashia. Unazungusha kamba yenye fundo juu ya flaiwili, unabonyeza kipini kidogo cha kabureta mpaka petroli ichuruzike, kisha unavuta.

Seagull zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, na baadaye kiwanda kikawa Poole, mji wa bandari kusini mwa nchi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilichukua maelfu yake kwa ajili ya boti za kuvushia askari. Mashine ya kazi hiyo ilipaswa kufunguliwa na askari yeyote, penye matope, kwa spana chache. Tabia hiyo ilibaki hata kwenye zile za kiraia zilizofuata, mpaka uzalishaji ulipokoma miaka ya 1990.

Kitu kimoja kimenifurahisha kuliko vyote. Kwenye mashine nyingi ndogo rafadha hushikwa na pini laini inayokatika ikigonga mwamba, ili gia zipone. Kwenye Seagull kazi hiyo hufanywa na springi. Rafadha ikigonga, springi inajikunja na kuupokea mshtuko. Aliyebuni hivyo alimfikiria mtu aliye peke yake katikati ya maji, asiye na pini ya akiba mfukoni.

Bolti

Siku ya kwanza haikwenda kwenye injini yenyewe. Ilikwenda kwenye bolti. Chuma kikikaa ndani ya aluminiamu, na maji ya chumvi yakapita katikati, umeme mdogo huanza kutembea kati ya metali hizo mbili, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaotokea hujaza meno ya bolti na kuyafunga kabisa. Anayeleta nguvu hapo ataondoka na kichwa cha bolti mkononi, na shina lake litabaki ndani.

Dawa ni moto na subira. Aluminiamu ikipashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo unapasha mwili wa mashine kuizunguka bolti, si bolti yenyewe. Tundu linapanuka kidogo. Ukilegeza nusu mzunguko, unarudisha robo, unatia mafuta ya kupenya, unalegeza tena. Tangi la petroli na kabureta viwe vimeshatolewa na kuwekwa mbali kabla ya kuwasha kiberiti chochote. Wakati wa kurudisha, kila bolti ipakwe grisi. Grisi ndiyo itakayomwokoa fundi atakayefungua mashine hii baada yangu.

Pistoni

Flaiwili haikuzunguka kabisa. Nilitoa plagi, nikamimina ndani ya silinda mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia-boksi za otomatiki, nikaiacha ilale. Mafuta hayo yana wepesi wa kupenya mahali ambapo oili ya kawaida haifiki, yakalainisha masizi yaliyoshika ringi. Kila asubuhi niliijaribu flaiwili kwa mikono miwili, taratibu, mbele na nyuma.

Nyundo haina kazi hapa. Ringi ni za chuma cha kalibu, zinavunjika kirahisi, na kipande kimoja kikibaki ndani kitauchora ukuta wa silinda ambao miaka yote ya uvuvi haikuuchora. Alhamisi jioni ilisogea upana wa kidole. Ijumaa baada ya swala ikazunguka mzunguko mzima, na sauti ya hewa ikasikika kwenye tundu la plagi. Hewa hiyo ilikuwa habari njema: ringi zinabana bado.

Cheche

Umeme wa mashine hii unatoka kwenye magneto. Sumaku iliyo ndani ya flaiwili inapita mbele ya koili, pointi zinafunguka, na cheche inaruka kwenye plagi. Pointi ni vipande viwili vidogo vya metali vinavyogusana na kuachana. Mashine ikikaa kwenye hewa ya bahari, nyuso zake hufanya utando mwembamba usioonekana vizuri kwa macho, lakini unatosha kuzuia umeme.

Unazisugua kwa msasa laini kabisa, kisha unapitisha karatasi safi katikati ili vumbi la msasa litoke. Halafu unapima mwanya zinapokuwa wazi kabisa: nusu milimita. Ukiwa mdogo mno, cheche inadhoofika. Ukiwa mkubwa mno, wakati wa kuwaka unaharibika. Waya wa plagi niliubadilisha, maana mpira uliopasuka huvujisha umeme kwenda kwenye mwili wa mashine kabla haujafika plagi.

Mpwa wangu ndiye aliyeishika plagi kwa koleo lenye mipini ya mpira, uzi wake ukigusa silinda, nami nikavuta kamba. "Mjomba, naiona! Ya buluu!" Cheche ya buluu ni nzuri, ya manjano, nyonge, hukufanya uitazame kondensa. Kijana huyu yuko kidato cha pili na amesoma sumaku na umeme ubaoni. Natamani kila shule ya sekondari ya pwani ingekuwa na magneto moja kuukuu mezani.

Fundi wa Sahare

Nilishuka Sahare kutafuta gia oili nzito, namba 140, ambayo Seagull hutumia. Chini ya mkungu fundi mmoja mzee alikuwa amefungua sehemu ya chini ya Yamaha. Hizo ndizo mashine za kazi katika pwani yetu leo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Alichovya kidole kwenye gia oili ya ile Yamaha akanionyesha: nyeupe kama maziwa. Maji yameingia, sili zimekwisha. Kwenye Seagull weupe huo haushangazi, kwa sababu shafti yake haina sili ya mpira, na maji kidogo huingia tu. Mwenyewe anatakiwa kumwaga na kutia mpya mara kwa mara. Kwenye Yamaha ni onyo la kufungua leo, si kesho.

Nikamuuliza ni mashine za nani zinazomjia sana. Akajibu bila kufikiri: "Za waliopumzika. Anayekwenda baharini kila siku simwoni hapa, labda aje kununua plagi. Aliyekaa miezi ndiye anayeniletea mzigo." Kauli yake ilinipa nguvu, kwa sababu imetoka kwa mtu ambaye mikono yake inapita kwenye mashine za watu wengi, mpya na za zamani.

Ole na Bess

Na tukizungumza juu ya mafundi, jina la Ole Evinrude linastahili kutajwa na kila anayefunga mashine nyuma ya chombo. Alizaliwa Norway mwaka 1877, akakulia Wisconsin, Marekani. Hakuwa wa kwanza kubuni mashine ya kufungwa nyuma ya boti. Cameron Waterman alikwisha kuijaribu yake mwaka 1905 kwenye mto Detroit. Lakini ile ambayo Evinrude alianza kuiuza mwaka 1909 ndiyo iliyoeneza biashara hii: nguvu ya farasi moja na nusu, uzito wa ratili 62, bei ya dola 62.

Mkewe, Bess, ndiye aliyeshika vitabu, barua na matangazo. Afya yake ilipozorota, mwaka 1914 Ole aliuza hisa zake ili wapumzike. Walirudi kwenye biashara mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakiwa na mashine nyepesi zaidi yenye aluminiamu nyingi. Kampuni kubwa iliyotokana na kazi yao ilifilisika mwaka 2000, na mwaka 2020 wamiliki waliofuata wakaacha kutengeneza mashine zenye jina la Evinrude. Hata hivyo Evinrude za miaka ya 1950 bado zinawaka katika maziwa ya Wisconsin, kwa sababu kuna watu wanaozifungua, wanaotengeneza gasketi zake kwa mkono, na wanaopeana spea. Kiwanda kikifungwa, mashine huishi kadiri wanavyoishi wenye kuijua.

Moja kwa kumi

Kitabu cha mashine za Seagull za zamani kinataka oili moja kwa petroli kumi. Yamaha nyingi za mipigo miwili (2T) hutumia moja kwa hamsini. Maana yake, katika lita kumi za petroli Seagull inataka lita nzima ya oili, na Yamaha mililita 200. Sababu ipo ndani: krenki ya Seagull hulala kwenye bushi za shaba nyeusi, si kwenye beringi za kisasa, na bushi hizo hulainishwa na oili iliyomo kwenye petroli tu. Ukipunguza oili ovyo kwa kubana matumizi, unazila bushi.

Lakini oili hiyo haiungui yote. Inatoka na moshi na kutandaa juu ya maji. Mtu anayependa mashine hizi anapaswa kupenda mikoko na kamba wachanga pia. Msimamo wangu ni huu: Seagull iliyofufuliwa ifanye safari chache, ifundishe vijana, isigeuzwe kuwa mashine ya kazi ya kila siku ndani ya hori. Kazi ya kila siku zipewe mashine zinazochafua kidogo.

Ndani ya pipa

Jumamosi tuliifunga kwenye ubao imara, mguu wake ndani ya pipa la maji baridi. Mashine ya boti haiwashwi nchi kavu hata kwa dakika moja: maji ndiyo yanayopoza silinda, na kwenye mashine zenye impela ya mpira, impela hiyo huungua bila maji. Kwa kuwa hii haina gia ya kupumzikia, tulifunga vibano vyake na kuongeza kamba, na watoto wakawekwa mbali.

Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena. Nikafunga petroli, nikatoa plagi, nikaifuta, nikarudisha. Safari hii ilishika. Moshi mzito ulijaa ua mzima, maji yakaruka nje ya pipa, na maji ya kupoozea yakaanza kutoka, kwanza na kutu, kisha meupe. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alisema ameijua sauti ile kabla hajajua inatoka wapi.

Kabla ya kaskazi

Upepo wa kusi umekaza, na vyombo vingi vimepandishwa pwani. Wenye vyombo wanatia kalafati, wanapaka deheni chini na mafuta ya sifa pembeni. Mbao ina msimu wake wa matunzo, na hakuna nahodha anayehitaji kukumbushwa. Mashine haina msimu kama huo. Inavuliwa, inabebwa mpaka stoo, inasubiri kaskazi. Ndipo inapofia.

Naomba tuipe mashine nafasi yake katika kazi hizo za kusi. Kabla haijaingia stoo, iwashwe ndani ya pipa la maji baridi mpaka chumvi itoke. Petroli ifungwe mashine ikiwa bado inawaka, ili kabureta ikauke yenyewe. Gia oili imwagwe na kubadilishwa. Plagi itolewe, vijiko viwili vya oili viingie ndani ya silinda, kamba ivutwe taratibu mara chache, plagi irudi. Kisha kila wiki, wakati nahodha anakagua kalafati yake, aizungushe flaiwili kwa mkono. Na kama stoo ya nyumba yenu ina mashine ya marehemu iliyofunikwa gunia, litoeni gunia hilo wiki hii, mumwite kijana mwenye hamu ya kujua, mfungue plagi mtie oili.