Picha ya chapa: ni mali au pambo tu?

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Runyenjes, huko Embu, aliniita nyumbani kwake nikaamue ugomvi. Haukuwa ugomvi wa shamba wala wa ng'ombe, bali wa picha.

Kwa miaka mingi sebuleni mwake imetundikwa picha ya mzee wa Kimeru aliyevalia mavazi ya jadi, na jina la Joy Adamson likionekana chini. Kifungua mimba wake alitaka iuzwe ili kitinda mimba alipiwe karo ya chuo. Wengine walikataa katakata, wakisema mali ya baba haiuzwi. Wote waliamini kwamba ukutani pao pananing'inia mamilioni ya pesa.

Hawakuwa wajinga kuamini hivyo. Joy Adamson, aliyeuawa huko Shaba mwaka wa 1980, wengi wetu tunamjua kwa sababu ya simba wake Elsa, aliyekufa mwaka wa 1961 na kuzikwa katika Mbuga ya Meru. Lakini kabla ya Elsa, mama huyo alikuwa mchoraji. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya, Wameru wakiwemo, katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya picha, na nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Kisha nyingine zikapigwa chapa, hasa katika kitabu chake, The Peoples of Kenya, kilichotoka mwaka wa 1967.

Niliomba kioo cha kukuzia maandishi. Kwenye shavu la yule mzee wa pichani sikuona alama ya brashi hata moja. Niliona vitone vidogo vya rangi vilivyojipanga kwa mistari, kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Hiyo, msomaji, ni kazi ya mashine. Picha ile ilikuwa nakala.

"Kumbe tumekuwa tukigombania karatasi!" mwalimu akasema. Wanawe wakanyamaza kimya.

Kando ya kabati palikuwa na picha nyingine ndogo, nyeusi na nyeupe, ya wanawake wakichuma majani chai. Kitinda mimba aliinunua kwa mchoraji kijana, na ndugu zake wakamcheka waliposikia kwamba mchoraji huyo alitoa picha ishirini za namna hiyo. Chini yake pameandikwa kwa penseli 7/20, na sahihi kando. Nikawaambia, hii ndiyo kazi asilia.

Mtauliza, itakuwaje asilia ilhali ziko ishirini? Jibu ni hili: mchoraji yule hakuchora picha kwanza, kisha akaipeleka kwa mpiga chapa ainakili. Alichonga ubao kwa mkono wake, akaupaka wino, akaubandika karatasi na kuikandamiza. Kabla ya karatasi kuguswa na wino hapakuwa na picha yoyote. Zile ishirini ni kama watoto wa tumbo moja. Hakuna aliye nakala ya mwenzake. Tarakimu 7/20 zasema hii ni ya saba kati ya ishirini.

Wasanii wetu wanaijua sana kazi hii. Hapa Kenya, Peterson Kamwathi amejijengea jina kwa picha za ubao wa kuchonga. Kule Uganda, Fred Mutebi hutumia ubao mmoja kwa rangi nyingi: huchonga kidogo, akapiga rangi ya kwanza, akachonga tena, akapiga ya pili, hadi ubao unakwisha. Baada ya hapo hata yeye mwenyewe hawezi kuongeza nyingine. Na lile wimbi mashuhuri la Mjapani Hokusai, la karne ya 19, pia ni chapa ya ubao. Halina mchoro wa rangi uliotangulia, na makumbusho makubwa ya dunia huona fahari kuwa nalo.

Ila tahadhari. Siku hizi mashine za wino hunakili mchoro vizuri ajabu, kisha mchoraji hutia sahihi na nambari kwa penseli. Sahihi ni ya kweli, lakini picha inabaki kuwa nakala. Si dhambi kuinunua kama pambo. Kosa ni kuilipia bei ya kazi asilia. Usinunue mbuzi kwenye gunia. Muulize muuzaji: je, mchoraji alitengeneza chapa hii mwenyewe? Kwa ubao, kwa bamba, au kwa mashine? Ziko ngapi? Je, kuna mchoro mwingine ulionakiliwa? Akibabaika, funga pochi.

Sikumdanganya yule binti kwamba picha yake itamlipia karo. Kuwa asilia si kuwa ghali, na mchoraji wake bado ni kijana. Karo itabidi itoke kwenye majani chai, kama ilivyotoka kwa ndugu zake. Lakini nilimwomba aandike jina la mchoraji, tarehe na bei aliyolipa, na kuihifadhi karatasi hiyo pamoja na picha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na yule mzee wa Kimeru? Yungali ukutani. Mwalimu asema amemzoea.