Kasi iliyolipiwa itolewe

Mteja wa intaneti ya nyumbani Bariadi na Simiyu nzima anastahili kasi aliyolipia, au arudishiwe sehemu ya fedha zake.

Matangazo hunadi kasi ya "hadi" megabiti kadhaa kwa sekunde. Kwa intaneti ya minara, kasi hiyo hupatikana watumiaji wakiwa wachache. Jioni, wote wakiingia mtandaoni, hugawana uwezo uleule. Muuzaji analijua hilo kabla ya kuuza kifurushi, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ipo tangu mwaka 2010; kilichobaki ni kuisimamia.

Wenye dhamana ya kuisimamia wawabane watoa huduma watangaze kasi ya chini wanayoihakikisha, kisha wenye dhamana hao wapime wenyewe kasi hiyo saa za jioni, kuanzia Busega hadi Meatu, na matokeo yabandikwe hadharani.