Mvua si radi: funzo la gofu kwa walimu wa Kilombero

Gofu ni mchezo ambao Watanzania wengi wameuona kwa mbali tu, ng'ambo ya ua. Uliletwa Afrika Mashariki na watawala wa kikoloni, ukajengewa klabu zake pembeni mwa miji, na kwa miaka mingi Mwafrika aliyeingia humo aliingia akiwa amebeba mkoba wa fimbo za mtu mwingine. Si ajabu basi kwamba mtu wa Ifakara, mji wa mpunga, wa samaki na wa kandanda, akilisikia neno gofu huliacha lipite kama jambo lisilomhusu. Hata hivyo mchezo huo unayo kanuni moja ambayo ingefaa kubandikwa ukutani katika ofisi ya kila Mwalimu Mkuu wa Bonde la Kilombero, kwa maana inahusu kitu ambacho bonde hilo halikupungukiwa nacho hata siku moja: hali mbaya ya hewa.

Gofu ilikulia Uskoti, nchi ya upepo, baridi na manyunyu yasiyokoma. Wenye mchezo huo wangesubiri jua ndipo wacheze, wangecheza mara chache sana kwa mwaka. Kwa hiyo walijiwekea sheria isiyo na huruma: kuchafuka kwa hewa peke yake si sababu ya mchezaji kuacha mchezo. Mvua inyeshe, upepo uvume, viatu vijae maji, mchezaji sharti aendelee mpaka kamati itakapotoa amri. Lakini sheria hiyohiyo, ambayo ni ya tano katika kitabu cha kanuni zao, ina upande wa pili. Kikisikika king'ora kimoja kirefu cha hatari, kila mchezaji huacha papo hapo, hata kama mpira umebakiza hatua moja kuingia shimoni, na hawezi kupiga tena mpaka aruhusiwe. Zaidi ya hapo, mchezaji yeyote mwenye sababu ya kuamini kuwa radi inamtishia ana haki ya kuacha kucheza kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kumngoja mkubwa yeyote. Kwa ufupi, sheria hiyo hutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Mvua ni usumbufu, lakini radi ni mauti.

Mchezo huo umeyaona madhara ya radi kwa macho. Tarehe 27 Juni 1975, karibu na jiji la Chicago nchini Marekani, bingwa Lee Trevino na wenzake wawili, Jerry Heard na Bobby Nichols, walipigwa na radi katikati ya mashindano. Wote walinusurika, lakini Trevino aliumia mgongo na baadaye akalazimika kupasuliwa. Mwaka 1991, katika mashindano makubwa ya nchi hiyohiyo yaliyofanyika Minnesota, watazamaji sita waliojificha mvua chini ya mti walipigwa, na mmoja wao akafa. Mti walioukimbilia ndio uliowaponza.

Ni nini basi kinachoyahusisha hayo na Kilombero? Bonde hilo limelala kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na maji ya pande zote mbili huteremkia humo. Mvua zake kwa kawaida huanza mwishoni mwa mwaka, hupata nguvu mwezi wa Machi na Aprili, na hupungua mwezi wa Mei. Katika miezi hiyo mbuga hugeuka ziwa, Mto Lumemo hufura ukatishia mitaa ya Ifakara, na kiwanja cha shule kilichokuwa vumbi mwezi wa Septemba huwa tope la kufika vifundoni. Kwa mkulima wa mpunga hiyo ni neema, lakini kwa mwalimu wa michezo ni mtihani. Fainali za taifa za UMITASHUMTA na UMISSETA kwa kawaida hufanyika kuanzia mwezi wa Juni. Maana yake ni kwamba mashindano ya shule, ya kata na ya wilaya, ambayo ndiyo huchagua timu, huangukia ndani ya masika au ukingoni mwake. Mtoto wa Mlimba, wa Malinyi au wa Mahenge anayetaka kuuwakilisha Mkoa wa Morogoro sharti kipaji chake kionekane wakati mbingu zimefunguka.

Katika hali hiyo shule hupotoka kwa njia mbili, na kila moja ni kinyume cha kanuni ya gofu.

Njia ya kwanza ni kuiogopa mvua isiyo na hatia. Wingu likitanda, kipindi cha michezo hufutwa. Tope likionekana, mipira hufungiwa stoo hadi Juni. Hatimaye timu ya kata huchaguliwa kwa majina na kwa kujuana, kwa kuwa hakuna aliyepata nafasi ya kuwaona watoto wakicheza. Wazazi wa watoto hao hao hupanda na kupalilia mpunga wakiwa wamezama majini mpaka magotini, na watoto wenyewe hutembea kwenda shuleni juu ya matuta yaliyolowa. Ni vigumu kuwaeleza kwamba tope linalofaa kulimwa halifai kuchezewa. Mvua ya kawaida haiuwi. Mtoto aliyelowa hukaushwa, na nguo iliyochafuka hufuliwa. Panapokuwa na maji yaliyosimama, au mafuriko yaliyoingia vyooni na kuchafua kiwanja, hapo pana sababu ya kweli ya kusitisha, kwa maana maradhi hayana mzaha. Lakini manyunyu na utelezi havitoshi kumnyima mtoto elimu ya viungo kwa miezi mitatu.

Njia ya pili ndiyo ya hatari, nayo ni kuidharau radi. Siku ya mashindano imefika, lori limekodiwa, mgeni rasmi ameketi chini ya turubai, na timu ya mbali imesafiri tangu alfajiri. Ngurumo inasikika upande wa milimani. Hakuna anayethubutu kusimamisha mchezo. Mwamuzi humtazama mwalimu, mwalimu humtazama Afisa Michezo, naye Afisa humtazama mgeni rasmi. Wakati macho hayo yakizunguka, watoto ishirini na wawili wamo katikati ya uwanda mtupu wakiwa ndio vitu virefu kuliko vyote, kando ya milingoti ya chuma, na wenzao mia kadhaa wamejibanza chini ya mwembe mmoja.

Ajali za namna hiyo zimekwisha kutokea, tena si mbali. Tarehe 27 Agosti 2020, katika Wilaya ya Arua nchini Uganda, radi iliua watoto 10 waliokuwa wakicheza mpira, wakakimbilia kibanda cha nyasi mvua ilipowashukia. Tarehe 3 Novemba 2024 huko Chilca nchini Peru, mwamuzi alikwisha kusimamisha mchezo kwa sababu ya dhoruba, na wachezaji walikuwa wakitoka uwanjani. Radi ikampiga mmoja wao akafa. Mwamuzi huyo alitoa amri sahihi, ila muda ulikuwa umekwisha. Nchini Tanzania kwenyewe, Mkoa wa Geita umezika watoto wa shule mara mbili kwa radi: wanafunzi 6 mwezi Oktoba 2018, na wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, Wilaya ya Bukombe, tarehe 27 Januari 2025. Wanafunzi hao hawakuwa uwanjani, walikuwa shuleni. Ikiwa radi huwafuata watoto hata kwenye majengo, mwenye kuwaweka uwandani huku ngurumo ikilia hana la kujitetea.

Kuna kikwazo kingine ambacho walimu wanakifahamu, ingawa ni nadra kutajwa mikutanoni. Mwezi Oktoba 1998, huko Kasai katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilitangazwa kuwa wachezaji 11 wa timu moja waliuawa na radi uwanjani, na wapinzani wao hawakudhurika. Mara moja maneno ya uchawi yakaenea. Fikra hizo si ngeni katika viwanja vya Tanzania, ambako neno "kamati ya ufundi" lina maana ambayo haimo katika kamusi. Hasara ya ushirikina ni kwamba humwondolea mtu wajibu. Ikiwa radi imetumwa na jirani, basi hapana haja ya mwalimu kutazama mawingu. Radi ni umeme wa mawinguni unaotafuta njia ya kufika ardhini, na hupenda kupitia kilicho kirefu kuliko vingine. Haijui timu wala haina kabila. Mwalimu wa sayansi anayelifundisha hilo darasani asubuhi, kisha akanyamaza uwanjani jioni, amelifuta somo lake mwenyewe.

Watakuwapo wa kusema kwamba kuahirisha ni gharama. Ni kweli. Mafuta ya gari, chakula cha watoto na posho za waamuzi havitoki hewani, na halmashauri nyingi bajeti zake za michezo ni finyu. Lakini bonde linalojua tangu enzi za mababu kwamba Aprili ni mwezi wa mvua haliwezi kupanga ratiba ya Aprili kana kwamba ni Agosti. Dawa yake ni kutenga siku moja ya akiba katika kila ngazi ya mashindano, kuanza michezo asubuhi pale inapowezekana, na kufuata utabiri na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kukodi magari. Mkulima wa Kilombero hapandi bila kutazama mbingu, basi na ofisi nayo ijifunze kwake.

Kwa upande wa uwanjani, kanuni yenyewe ni nyepesi kiasi cha kukaririwa na mtoto wa darasa la tatu. Mwanga wa radi ukionekana, watu wahesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Ikisikika kabla ya sekunde 30 kutimia, radi imo ndani ya kilomita 10, na mchezo lazima usimame. Usianze tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Watoto wapelekwe ndani ya jengo imara, wakae mbali na madirisha, nyaya na mabomba, au waingie katika basi lenye bodi ya bati na madirisha yaliyofungwa. Mwembe, kibanda cha nyasi, turubai la mgeni rasmi na lori lililo wazi si kinga. Aliyepigwa na radi haachi umeme mwilini, kwa hiyo asiogopwe. Kama hapumui, aanze kuminywa kifua mara moja huku akitafutiwa gari la hospitali. Wengi huokolewa kwa dakika hizo za mwanzo, na wengine hupotea kwa kuwa watu waliogopa kuwagusa. Majengo ya shule nayo yahitaji vifaa vya kukinga radi, na hilo ni deni la halmashauri, si la mwalimu.

La msingi kuliko yote ni mamlaka. Sheria za kandanda zimempa mwamuzi uwezo wa kusimamisha au kuvunja mchezo, na hazikutaja popote kwamba amwombe ruhusa mgeni rasmi. Gofu imekwenda mbele zaidi, imempa uwezo huo hata mchezaji. Inafaa kila Afisa Elimu wa Ifakara, Mlimba, Ulanga na Malinyi atamke kwa maandishi kwamba mwalimu atakayesimamisha mchezo kwa sababu ya radi hataulizwa swali, na kwamba mtoto atakayetoka uwanjani kwa kuiogopa ngurumo hataitwa mwoga wala kuchapwa. Kiongozi mwenye busara atakuwa wa kwanza kuinuka kitini, ili wengine wapate moyo wa kuinuka.

Bonde la Kilombero limekwisha kuonja uchungu wa hewa iliyochafuka. Mwezi Januari 2016 kivuko cha Mto Kilombero kilizama katika upepo mkali. Miaka miwili baadaye, mwaka 2018, Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 lilifunguliwa mahali hapo, na tangu hapo timu za Ulanga na Malinyi huvuka kwenda Ifakara bila kuutegemea upepo. Daraja hilo liligharimu mabilioni ya shilingi, na kila mwananchi alikubali kwamba roho za watu zina thamani hiyo. Kinga ya uwanjani haihitaji mabilioni. Yahitaji filimbi moja, hesabu ya sekunde, na mtu mzima mwenye ujasiri wa kuipuliza filimbi hiyo mbele ya wakubwa. Watoto wa Kilombero na wacheze katika mvua, maana mvua ni yao. Ngurumo ikilia, waondolewe wote, na mgeni rasmi awe miongoni mwao.