Ramani ya Pwani Isijenge Kagera

Mkandarasi anayeingia mkoa asioujua asipewe kibali cha ujenzi kabla ya kuonyesha vipimo vya udongo na hesabu za tetemeko za eneo hilohilo.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, la kipimo cha 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi za tofali zisizo na nondo wala lenta ya kufunga kuta. Kagera iko jirani na tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Dar es Salaam, iliyo Pwani, haiko huko, hivyo ramani yake haitoshi Kagera.

Udongo nao una yake. Ulio laini hukuza mtikisiko, na mfinyanzi mweusi wa mbugani huvimba masika na kupasuka kiangazi, tetemeko liwepo lisiwepo.

Wanaotoa vibali wadai ripoti za vipimo na hesabu hizo sasa, na wakague msingi kabla zege halijamwagwa.