Kuonyesha Si Kukadiria

Usemi “asilimia zimefupishwa hadi desimali moja” umezoeleka katika tasnifu zetu za isimu na hata za fasihi. Zimefupishwa wapi? Katika thamani yenyewe au katika sura yake tu? Kwa maoni yangu, neno “kufupisha” linafunika vitendo viwili ambavyo havipaswi kuchanganywa.

Kukadiria ni kuibadilisha nambari: 4.97 huwa 5.0, na hesabu zote zinazofuata huitumia hiyo 5.0. Kuumbiza ni kuivika vazi: kwenye kiwambo husomeka 5.0, ilhali kumbukumbu ya kompyuta imehifadhi 4.97. Katika programu ya takwimu iitwayo R, amri ya round hurejesha nambari, nayo format hurejesha matini, na matini hayajumlishiki. (Aidha, R hukadiria 2.5 kuwa 2, na 3.5 kuwa 4, kwa kufuata shufwa iliyo karibu. Mwalimu wa shule ya msingi angeweka alama ya kosa.)

Yaliyojiri katika jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, Aprili 5, 1992, ni ushahidi wa kutosha. Chama kilihitaji asilimia 5 ya kura ndipo kipate viti bungeni. Kompyuta ilionyesha kwamba chama cha Kijani kimepata 5.0. Baadaye usiku ikabainika kuwa thamani halisi ilikuwa 4.97, programu ilikuwa ikichapisha desimali moja tu. Kijani wakakosa viti, nacho chama cha SPD kikapata wingi wa kiti kimoja.

Kosa la upande wa pili lilitokea Vancouver, Kanada. Fahirisi ya soko la hisa, iliyoanza na 1,000 mnamo Januari 1982, ilikatwa baada ya desimali ya tatu kila ilipokokotolewa upya. Kufikia Novemba 1983 ilikuwa imeshuka hadi takriban nusu ya thamani yake ya haki.

Sisi nasi tuna mipaka yetu. Katika vyuo vikuu vyetu vingi gredi ya A huanzia 70. Mwanafunzi mwenye 69.6 ataiona 70 pale desimali zinapofichwa, lakini programu inayopanga gredi itampa B. Je, nani amemdanganya?

Hivyo napendekeza tuseme “kukadiria” pale thamani inapobadilishwa, na “kuumbiza” pale inapobadilishwa sura, na tukadirie mwishoni mwa hesabu pekee. Jedwali likijumlika kuwa 99.9, liachwe hivyo, na tanbihi iongezwe chini yake. Msimamizi anayemshurutisha mwanafunzi kuongeza 0.1 mahali fulani ili jumla ipendeze anamwagiza kubuni data.