Katuni na Mkimbizi

Katuni ni silaha ya utamaduni. Twauliza: inamlenga nani? Mwezi Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu; Desemba 1996 Serikali yetu iliwataka warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Mchoraji anayemchora mtu kama huyo kwa sura ya nzige hakejeli. Anamsaidia mwenye nguvu kumkanyaga aliyekwisha kuanguka. Kejeli ya kweli humwandama mtawala anayewafukuza raia wake. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alivuka mpaka akajenga jina lake Nairobi kwa kuwachora marais. Naye alikuwa mgeni huko.

Sisi wa Gitting, chini ya Mlima Hanang, tusijidanganye. Wairaqw walishuka kutoka nyanda za Mbulu wakawakuta Wabarbaig, ambao wazee wao nao walitoka kaskazini. Nani kati yetu ni mwenyeji tangu kuumbwa kwa ulimwengu?

Walimu, wafundisheni vijana kuuliza mbele ya kila katuni: anayechekwa ana nguvu gani? Kama hana, hicho si kicheko, ni dhuluma.