Nguvu za farasi 40 zisizofika Ziwa Victoria

LORI lililosheheni mizigo linapotoka Kisumu kuelekea Busia, likishapita Kisian na kuanza kuukwea mlima wa kwenda Maseno, dereva hana budi kurudisha gia. Injini hupiga kelele zaidi, mwendo hupungua, lakini lori hupanda. Hakuna abiria wa matatu iliyo nyuma yake anayeshangaa, kwa sababu kila mtu anafahamu kwamba mzigo mzito na gia kubwa haviendi pamoja mlimani.

Upande wa kusini, ambako mteremko wa Maseno unashukia Seme na hatimaye kuingia katika Ghuba ya Winam, kuna vyombo vinavyosafiri kila siku kwa gia isiyovifaa, na waendeshaji wake hawawezi kuibadilisha wakiwa safarini. Hivyo ni boti zinazotumia injini ya kufungwa tezini. Sanduku la gia la injini hiyo lina mbele, nyuma na katikati tu. Gia yake ya kweli ni rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka majini, nayo huchaguliwa siku injini inapofungwa.

Suala hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Sivyo. Makadirio ambayo yamekuwa yakinukuliwa kwa miaka mingi yanasema kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, wengi wao wakiwa wavuvi na wasafiri wa vyombo vidogo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Tanzania, Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, na boti ya starehe ikazama upande wa Uganda miezi miwili baadaye, mjadala katika nchi zote tatu ulielekea mahali pamoja: boti za uokoaji ziwe nyingi na ziwe za kasi. Mwaka huohuo wa 2018 Kenya iliunda Kikosi cha Walinzi wa Pwani, ambacho majukumu yake yanajumuisha pia maji ya bara kama Ziwa Victoria.

Tangu wakati huo, kila boti ya kasi inapozungumziwa, sifa yake ya kwanza huwa nguvu za farasi. Zinatajwa 40, 75, 115, mbili za 200. Nambari hiyo ni rahisi kuisoma katika hati ya zabuni na ni tamu kuitamka mbele ya umati ufuoni. Tatizo ni kwamba nambari hiyo ni ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria haliko usawa wa bahari.

Uso wa ziwa uko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini ya petroli isiyo na kifaa cha kusukumia hewa ndani hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hesabu hiyo, injini iliyoandikwa farasi 40 hufanya kazi Dunga, Usenge au Mbita kama ya farasi 36 hivi. Farasi wanne wamebaki Mombasa, ilhali mwenye boti amewalipia.

Hasara haiishii hapo. Injini nyingi za wavuvi wa ziwa hili ni zile za mapigo mawili zinazotumia kabureta, na kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani huendelea kumimina petroli ileile hata hewa inapopungua. Mchanganyiko huwa mzito, plagi huingia masizi, moshi huwa mwingi na petroli huteketea bila kazi. Dawa yake ni kijipua kidogo ndani ya kabureta chenye tundu jembamba zaidi, kipuri ambacho bei yake haiwezi kulinganishwa na petroli kinayookoa. Injini mpya za mapigo manne zenye kompyuta hujirekebishia mchanganyiko zenyewe. Hata hivyo, nazo haziwezi kuirudisha hewa ambayo haipo.

Hapo ndipo rafadha inapoingia. Kila rafadha hupimwa kwa kipenyo chake na kwa kile mafundi wanachokiita pichi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu mithili ya skrubu kwenye ubao. Pichi ndefu ni gia kubwa, pichi fupi ni gia ndogo. Kila mtengenezaji hutaja kiwango cha mizunguko ambacho injini inapaswa kukifikia mafuta yakifunguliwa yote. Kwa injini nyingi ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika. Boti iliyobeba mzigo wake wa kawaida ikishindwa kufika hapo, pichi ni ndefu mno. Kupunguza pichi kwa inchi moja huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 hivi.

Injini inayonyimwa mizunguko yake hukaa katika hali ya lori lile la Maseno ambalo dereva wake amekataa kurudisha gia. Pistoni hubeba mzigo usio wake, joto hupanda, na injini iliyotarajiwa kudumu miaka mingi hufa mapema. Kwa boti ya uokoaji madhara ni mabaya zaidi. Boti ya kasi haikati maji kama mtumbwi. Hujiinua na kuteleza juu yake. Ikikosa nguvu za kujiinua, hubaki imeinua omo na kuzamisha tezi, ikisukuma mlima wa maji mbele yake na kunywa petroli nyingi kwa mwendo wa chini. Boti ikiwa tupu siku ya majaribio hujiinua bila shida. Maofisa sita, vifaa vyao na manusura wanane wakiwa ndani, mambo hubadilika, nayo ndiyo safari iliyokusudiwa.

Pili ni kimo cha injini. Juu kidogo ya rafadha kuna bamba la bapa ambalo kazi yake ni kuzuia hewa isivutwe kutoka juu ya maji. Katika boti ya kawaida bamba hilo huwekwa usawa wa sehemu ya chini ya chombo au chini yake kidogo. Likizama mno, mguu wa injini hukokota maji bure. Likipanda mno, rafadha huvuta hewa, mizunguko huruka ghafla na msukumo hupotea, hasa kwenye kona au wimbi linapoinua tezi. Wanamashindano huinua injini makusudi, kwa kuwa mguu ukipungua majini kasi huongezeka. Katika mashindano ya dunia ya boti za Formula One, ambako injini za lita 2.5 husukuma vyombo vyepesi kupita kilomita 200 kwa saa, sentimita moja ya kimo huamua nafasi.

Lakini desturi hiyo haifai kuigwa kikasuku katika Ghuba ya Winam. Tundu linaloingiza maji ya kupoza injini liko kwenye mguu huohuo. Ukiinua injini, tundu husogea karibu na uso wa maji, na uso wa ghuba hii una gugu maji, janga ambalo limekuwa likienda na kurudi tangu miaka ya 1990. Mzizi mmoja ukiziba tundu, injini hupata joto kali kabla mwendeshaji hajatambua. Ukiishusha ili kukwepa hewa, kuna fuo ambazo kina chake ni kifupi na rafadha hugonga mchanga. Kimo sahihi cha hapa ni cha maelewano, na hakuna kitabu cha Japani au Marekani kinachokitaja. Lazima kitafutwe majini, kwa kupandisha na kushusha tundu moja la bolti baada ya jingine.

Mitumbwi ya mbao ina historia yake. Ile ya aina ya sesse, iliyochukua jina la visiwa vya Uganda, ilikuwa na ncha pande zote mbili na haikuwa na mahali pa kufunga injini. Biashara ya sangara ilipopamba moto katika miaka ya 1980 na samaki wakafuatwa mbali, mafundi seremala walizidi kukata tezi na kuweka ubao wa bapa. Ubao huo ndio unaoamua injini ikae kimo gani, na kila seremala ana kipimo chake, ilhali miguu ya injini huja kwa vipimo maalumu, cha inchi 15 na cha inchi 20. Vipande vya mbao vinavyopachikwa kati ya ubao na injini kila mahali ufuoni ni ushahidi wa vipimo viwili visivyokutana.

Kuna pia mwinamo. Mguu ukielekezwa ndani mno, omo huchimba wimbi. Ukielekezwa nje mno, boti huruka-ruka kama pomboo hata kwenye maji matulivu. Mvuvi anayehamisha tangi la petroli kutoka nyuma hadi katikati hutengeneza nusu ya tatizo hilo bila gharama.

Na kamba. Injini nyingi za leo huja na kamba fupi inayofungwa mkononi mwa mwendeshaji ili akitupwa majini injini izime. Huko Marekani sheria imewalazimu waendeshaji wa boti nyingi zenye urefu wa chini ya futi 26 kuitumia tangu Aprili 2021. Katika ziwa hili kamba hiyo huonekana ikiwa imefungwa kwenye injini yenyewe, ambako haimwokoi mtu.

Mamlaka ya Ubaharia ya Kenya hukagua vyombo vidogo. Ukaguzi wa jaketi na idadi ya abiria ni wa lazima, lakini kwa boti zinazonunuliwa kwa fedha za umma mkataba ungeweza kudai jambo moja zaidi: kabla ya malipo ya mwisho, chombo kipakiwe uzito wake wote, kipelekwe katikati ya ghuba, na kipima mizunguko kisomwe mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Muuzaji aje na rafadha tatu za pichi tofauti. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na itakayobaki kwenye boti ni ile iliyoifikisha injini katika mizunguko yake.

Katika eneo la Mbita injini za umeme zimeanza kukodishwa kwa wavuvi katika miaka ya karibuni. Zina upungufu wake, hasa umbali zinaoweza kwenda kwa betri moja. Ila kwa kuwa hazivuti hewa, mwinuko wa ziwa hauzipunguzii nguvu hata kidogo.